Papa Moteur na Mlio wa Pompe

Jumatatu asubuhi, kabla jua halijaruka ukuta wa jirani, Symphorien Mwilambwe alikuwa amekwisha kuzunguka lupango lake, kiwanja cha nyumba, mpaka mbwa akachoka kumfuata. Alitoka mlangoni akaenda kwenye banda la bati alikofanyia kazi, akashika nyundo, akaiacha. Akaenda langoni, akachungulia barabara ya Bel-Air iliyojaa ukungu wa moshi na baridi ya Julai, akarudi. Katikati ya kiwanja akasimama, mikono magotini, akingoja kifua kimpe ruhusa ya kuendelea. Pumzi ilimtoka kwa mluzi mwembamba, kama upepo unaopita chini ya mlango.

Barabarani, fundi wa baiskeli alimwona ameinama kama gari lililoharibika, akapaza sauti.

"Papa Moteur! Leo iko panne?"

"Panne iko kwako! Mi nangojea essence tu!" alijibu Symphorien, kama gari linalosubiri petroli, na neno la mwisho likakatikia kooni.

Jina la Moteur, yaani injini, alipewa zamani, akiwa kijana wa mgodini ambaye hata siku ya mapumziko hakuweza kukaa. Baba yake alitoka kaskazini ya Katanga kuja kufanya kazi ya reli. Yeye Symphorien aliingia chini ya ardhi, akatoboa mwamba wa shaba kwa miaka mingi, na kazi ya mgodini ilipokwisha hakulala hata wiki moja. Alinunua mapipa mabovu, akayakata, akaanza kutengeneza mbabula, yale majiko ya makaa ambayo kila nyumba ya Lubumbashi huyatumia kupikia umeme unapokatika, na umeme hukatika. Mbabula zake zilisifiwa. Hazikupinda, hazikuvuja majivu.

Lakini kifua kilianza kumgomea. Kila kipindi cha baridi, vumbi likipanda na moshi ukishuka, alibebwa mbiombio kwenye kituo cha afya, akadungwa sindano, akarudi nyumbani, akabebwa tena. Mara mbili alimezeshwa dawa za kifua kikuu kwa miezi mingi, ingawa makohozi yake hayakuonyesha kitu. Alizimeza zote. Kikohozi kilibaki palepale.

Sasa Wivine, mke wa mwanawe Floribert, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Tracy, na nyumba ilibadilika. Kikombe cha Symphorien kilianza kuoshwa peke yake. Sahani yake ikawa na rafu yake. Hakuna aliyemwambia neno, na yeye hakuuliza. Tangu mtoto azaliwe hakuwahi kumshika. Alimwona kwa mbali tu, mgongoni mwa mama yake, kichwa kidogo ndani ya kofia ya sufu.

Kisha Floribert, aliyefanya kazi ya zamu mbali na mji na kurudi mwisho wa juma, alimketisha jioni ya Jumapili akamwambia yaliyokwisha kuamuliwa.

"Papa, tumeongea na papa David. Jumapili yenye inakuya atafika na gari. Utaenda kukaa kwake Sakania."

"Kukaa?"

"Kupumzika. Atakuwekea kiti ku veranda, utakula, utalala. Haiko kukufukuza, Papa. Ni juu ya mutoto."

David alikuwa mdogo wake, mtu wa mpakani, aliyepitisha mizigo ya watu kati ya Zambia na Kongo, mwenye roho nzuri na mdomo usiofungwa. Symphorien alimpenda. Ila alipokifikiria kile kiti cha veranda alihisi kama amekwisha kuzikwa, amebakishwa kichwa tu nje ili awasalimie wapita njia. Kule hakuna banda wala mapipa. Hakuna wa kumwita Moteur. Aliinuka akaenda kufunga lango ambalo tayari lilikuwa limefungwa.

Ndiyo maana Jumatatu ile hakuweza kutulia mahali pamoja. Alikuwa na juma moja tu, na hakujua alifanyie nini.

Simu ililia akiwa bado ameinama. Alikuwa Mama Fatouma, muuguzi wa kituo cha afya.

"Papa Symphorien, yambo. Kifua namna gani?"

"Leo iko kidogo muzuri."

"Muzuri sana. Basi, kuya mercredi kisha saa sita. Leta dawa zote zenye ziko ku nyumba, hata zenye zimekwisha."

"Nikuye kufanya nini, kama siko mugonjwa sana?"

"Njo tunakutaka hivyo hivyo, Papa. Ukiwa mugonjwa sana hatuna wakati wa kukuuliza kitu."

Alicheka bila kupenda. Maishani mwake hakuwahi kusikia mtu akiitwa kwa daktari kwa sababu anajisikia nafuu. Lakini kwenda kokote kulimfaa kuliko kukaa.

Jumatano alifika mapema, akiwa na mfuko wa plastiki wenye vidonge vilivyobaki, chupa za dawa ya kikohozi, na pompe mbili, vile vikopo vidogo vya dawa ya kuvuta kinywani. Kwenye benchi aliwakuta watu wa umri wake. Mama Musonda, muuza makaa wa karibu na soko, alimpisha nafasi.

"Papa, unaumwa nini?"

"Siko naumwa."

"Mi pia siko naumwa. Na huyu haumwe, na ule kule haumwe. Sasa tuko tunafanya nini hapa? Tunangojea ugonjwa itukute?"

Benchi zima likacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikatembea kutoka mwanzo wa benchi mpaka mwisho, kila mtu akimpokea mwenzake, mpaka wakaanza tena kucheka kwa kile kikohozi chenyewe. Mama Fatouma alitoka akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Bon, nimesikia wote muko. Haina haja ya kuita majina."

Jumatano hizi zilikuwa mpya. Dokta Zakari, kijana wa ukoo wa wafanyabiashara wa Maniema aliyekulia papo hapo, katika wilaya ya Kampemba, alichoka kuwadunga watu walewale sindano ileile kila kipindi cha baridi. Alitenga alasiri moja kwa ajili ya wenye pumzi fupi, waje wakiwa wazima, wapimwe bila haraka, waseme jinsi wanavyoishi, waonyeshe jinsi wanavyotumia dawa. Kituo hakikuongezewa chumba wala mtu. Kiliongezewa mashine moja ndogo ya kupulizia, na muda.

Symphorien alipuliza kwenye mashine ile huku Mama Fatouma akimshangilia kama mpira uko mbele ya goli. "Puliza! Puliza! Bado, bado, usiache, Papa, tuma yote!" Alituma yote. Alipoona mstari uliochorwa kwenye kioo cha mashine, ulivyopanda kidogo kisha ukalala, aliona haya kama mwanafunzi aliyepewa daftari lake mbele ya wenzake.

Dokta Zakari alisogeza kiti karibu.

"Papa, tumepima tena makohozi yenye uliacha hapa mara ya mwisho. Haiko TB. Hata kidogo."

"Na zile dawa zote nilikunywa?"

"Zilikuwa za ugonjwa wenye hauna."

Symphorien aliinuka, akaenda dirishani, akarudi. Daktari hakumwambia akae. Alimngoja, kisha akaendelea kwa sauti ileile.

"Mavumbi ya mine ilikuachia makovu mu mapafu, na moshi ya makala ya mbabula inaongeza. Njia za hewa zimekuwa ndogo. Sitakudanganya, Papa, makovu haitatoka. Lakini njia zinaweza kufunguka kidogo, ukivuta dawa muzuri, ukikimbia moshi, na ukikuya kuniona mbele ya kubebwa."

"Docteur, navuta pompe kila siku. Haina kazi. Naona ni maji tu banatia ndani."

"Nionyeshe."

Symphorien akatikisa pompe kwa nguvu, kama mtu anayejua kazi yake, akaiweka kinywani, akabonyeza. Tsss! Akaitoa. Akawaangalia wote wawili kwa ushindi.

Dokta Zakari alimtazama Mama Fatouma. Mama Fatouma alikunja uso.

"Tena, Papa."

Tsss! Safari hii moshi mweupe ulionekana ukichungulia pembeni mwa midomo yake.

"Papa, unafunga kinywa."

"Sifungi."

"Unafunga."

"Mama, kinywa ni yangu, mi njo najua! Sifungi!"

Mama Fatouma hakubishana zaidi. Alitoa simu yake, akamwomba arudie, akampiga picha ya video, kisha akamsogezea. Symphorien alivaa miwani. Ndani ya simu alimwona mzee mwenye shati lililopigwa pasi akiweka pompe kinywani. Mlio ulipotoka, yule mzee aliangusha kidevu kifuani, akabana midomo, akakaza pua, akafumba macho. Kwa haraka na kwa ustadi, kama mlango unaofungwa na upepo. Dawa yote ilibaki mdomoni na nje yake.

Akaomba aone tena. Kisha akaweka simu mezani polepole.

"Haiko mimi," alisema. "Ni marteau."

Akawaeleza. Chini ya ardhi, marteau ilikuwa mashine ya kutoboa mwamba, iliyoendeshwa kwa hewa ya mpira mrefu. Ukifungua hewa, kwanza husikia tsss, na kabla ya kitu kingine vumbi la shimo la jana hukurukia usoni. Kijana mpya alifundishwa hilo kabla ya kufundishwa kushika mashine: ukisikia mlio, kidevu chini, kinywa funga, pumzi simamisha, mpaka vumbi lipite. Asiyefunga alipigwa kofi juu ya helmeti na mkuu wa kikosi. Symphorien alikuwa amefunga kinywa kwa ule mlio kila siku ya kazi, ujana wake wote, na mwili wake haukuwahi kuambiwa kwamba kazi imekwisha.

"Hata nikijua, itafunga," alisema. "Angalia." Akabonyeza pompe hewani, mbali na uso. Tsss. Kidevu kilianguka chenyewe. Akacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Dokta Zakari alizungusha kalamu. Halafu akasema kwamba mwili uliofunzwa hivyo hautatii amri ya siku moja, na afadhali wasigombane nao. Akamwomba Mama Fatouma chupa tupu ya maji. Wangeitoboa kitako, pompe iingie pale, na mdomo wa chupa ukae kinywani. Ukibonyeza, dawa hubaki ndani ya chupa kwa kitambo. Mama Fatouma alianza kupasha waya moto, mkono ukiyumba, na Symphorien hakuvumilia kuona kazi mbaya.

"Lete. Hiyo ni kazi yangu."

Alikata tundu lililoshika pompe barabara kama kizibo.

"Sasa, Papa," alisema Mama Fatouma, "ukibonyeza, acha mwili ifunge vile inataka. Dawa itakungojea mule. Kisha ufungue, uvute polepole, utulie, uvute tena."

Jaribio la kwanza alikohoa. La pili pia. La tatu, chupa nyembamba ililia krak, ikajikunja kidogo kwa hewa iliyovutwa, na Symphorien akahisi ubaridi ukishuka mahali ambapo hapakuwahi kufikiwa na dawa yoyote.

"Muzuri! Lakini mwili utasahau. Siku za kwanza muntu moja akuangalie. Nani iko na wewe muchana ku nyumba?"

"Bibi ya mutoto yangu, Wivine."

"Basi ye akuangalie."

Symphorien alikuwa amekwisha kuinuka. "Hapana. Ule ni bukwe."

Mama Fatouma alipangusa paji la uso. Hakuhitaji kuelezwa maana ya bukwe, ukwe wenye miiko yake. Katika familia za kaskazini, mke wa mwana hamkazii macho baba mkwe, hamwangalii akila, sembuse kumchungulia kinywani akitoa mate na kukohoa. Wivine alimpikia Symphorien kila siku na kumwekea chakula mezani, akaondoka kabla hajakifunua. Hiyo ndiyo heshima waliyokuwa nayo kati yao, na ilikuwa heshima ya kweli.

"Nitafanya mi mwenyewe," alisema Symphorien, akaondoka na chupa yake chini ya koti.

Alhamisi alijificha nyuma ya banda. Akabonyeza. Tsss. Kidevu chini. Akavuta kwa pupa, akakohoa mpaka machozi. Akatembea hadi langoni, akarudi, akajaribu tena. Tsss. Kimya. Kikohozi. Alitaka kuitupa chupa juu ya ukuta. Alimfikiria David akipakia godoro lake kwenye gari, akitania njia nzima.

"Papa," sauti ilisema kutoka upande wa pili wa bati, jikoni. "Haikuingia."

Aliificha chupa mgongoni.

"Wivine? Uko unaniangalia?"

"Hapana, Papa! Niko naelekea ukuta. Mama Fatouma alinipigia simu, akaniuliza kama kuna namna. Nikamwambia masikio haina bukwe."

Symphorien hakujua acheke au akasirike.

"Na masikio yako inasema nini?"

"Inasema pompe ililia, kisha kukawa kimya, kisha Papa akakohoa. Chupa haikulia. Mama Fatouma alisema chupa inapashwa kulia krak."

"Chupa yenyewe iko mubaya."

"Papa njo aliitoboa."

Alikaa juu ya pipa. Akabonyeza, akauacha mwili ufunge, akangoja ujifungue wenyewe. Akavuta polepole. Krak.

"Hiyo!" Wivine alipiga kelele ng'ambo ya bati, halafu akajirudi, sauti ikashuka. "Hiyo, Papa. Moja tena."

Tangu hapo wakawa na desturi yao. Asubuhi na jioni yeye nyuma ya banda, yeye Wivine jikoni akiwa ameupa ukuta uso, na kati yao bati lenye kutu. Hawakutaja jambo jingine. Ila Ijumaa Symphorien aliona mbabula ya kupikia imehamishwa upande wa pili wa kiwanja, kule upepo unakochukua moshi kuupeleka barabarani. Alimwona pia Wivine akisimama akimtazama mtoto mgongoni, kisha akiangalia upande wa banda, kisha akirudi kwenye sufuria yake.

Jumamosi mambo yaliharibika. Mteja wa zamani alitaka mbabula mbili kwa ajili ya kilio, na Symphorien, kwa kuwa alijisikia vizuri, aliwasha makaa ili alainishe bati gumu, akapiga nyundo kama kijana. Moshi ulijaa bandani. Kabla hajamaliza sikio la mbabula ya pili, kifua kilifunga. Aliangusha nyundo, akayumba nje hadi kwenye meza alikoweka chupa, akataka kukimbilia langoni, popote penye hewa, na kila hatua ilimwongezea kiu ya hewa. Hakuweza hata kuita.

Wivine alisikia nyundo ikianguka. Alikuja mbio, mtoto mgongoni, na alipomfikia akageuka, akasimama akimpa mgongo, hivi kwamba kile kichwa cha kofia ya sufu ndicho kilichomwelekea Symphorien.

"Papa, usikimbie. Kaa. Mikono ku meza." Alikaza fundo la kitenge cha mtoto. "Puliza pole, kama unapoza bukari ya moto. Pole. Chupa iko ku mukono yako ya kuume."

Tsss. Kidevu kikaanguka. Alihisi anazama. Kisha mwili ukajifungua, na akavuta kile kidogo alichoweza. Chupa ilitoa mlio hafifu.

"Nimesikia. Tena, Papa."

Tsss. Krak. Akapuliza kama anapoza bukari, ugali wao. Krak tena. Mtoto aliamka akaanza kulia, na Wivine akawa anacheza miguu kumbembeleza, huku anahesabia pumzi za mzee kwa sauti ya chini, asiache wala asigeuke. Polepole mluzi ulipungua. Kwa mara ya kwanza katika baridi nyingi, shambulio lilipita bila gari la mtu kutafutwa.

Alipoweza kusema sentensi nzima, wote wawili walikuwa wametoka jasho kwenye baridi.

"Papa," Wivine aliuambia ukuta, "docteur alisema kabisa haiko TB?"

"Alisema."

"Na mutoto?"

Symphorien alifuta jasho. Angeweza kusema ndiyo, mtoto hana hatari. Lakini lilikuwa neno lake mwenyewe, la mtu anayeogopa kupelekwa mbali, na yeye asingeliamini kama angekuwa mama.

"Uende umuulize mwenyewe," alisema.

Wivine alijifunga kitenge cha pili, akatoka na mtoto wake saa ileile. Alirudi baada ya muda mrefu, akaingia jikoni, akaanza kuchambua sombe, majani ya muhogo. Symphorien alipita karibu na mlango wa jikoni mara chungu nzima, akijifanya anatafuta misumari. Haikufaa amuulize, na yeye hakusema. Siku ile alikunja nguo zake mwenyewe, akazikunjua, akazikunja tena.

Jumapili, watu walipotoka misani, David aliingia langoni akipiga honi kwa mdomo, ingawa gari la kuazima lilikuwa na honi nzuri kabisa, kisha akamwita kaka yake.

"Yaya! Moteur ya zamani! Bintu biko wapi? Tunapakia!"

"Ule kwanza," alisema Floribert, ambaye hakupenda kumwangalia baba yake.

Walikula bukari na samaki. David alieleza jinsi alivyopaka chumba rangi ya kijani, jinsi kitanda kinavyoelekea dirisha, jinsi malori ya mpakani yatakavyomchangamsha mkubwa wake. Symphorien hakula sana. Mwishoni alisukuma sahani.

"David, sitaenda."

"Aa! Naona moteur imeanza kelele." David alicheka, kisha akaacha. "Yaya, nisikilize. Mwaka wenye umepita nilikuya hapa kukuangalia ku kitanda ya hopitali, nikarudi nikijua nitaitwa kwa matanga. Unataka niitwe? Na humu kuna mutoto mudogo. Ukimwambukiza, utaangalia mama yake na macho gani?"

Hapo hapakuwa na utani. Floribert alikwangua meza kwa ukucha. Symphorien alifungua kinywa, akaona kwamba kila atakachosema kitasikika kama mzee anayeng'ang'ania banda lake. Akainuka. Hakuwa na pa kwenda ndani ya chumba kile, akabaki amesimama.

Wivine alitokea kwenye mlango wa jikoni. Alisimama upande, uso kwenye fremu ya mlango, akazungumza na mume wake, jinsi inavyofaa.

"Floribert, uambie papa David kama jana nilienda kwa docteur. Nilimuuliza maneno moja tu: ingekuwa mutoto yako, ungemupa huyu muzee ashike?"

"Na ye alisema nini?" aliuliza David.

Wivine alifungua fundo la kitenge, akamzungusha Tracy kutoka mgongoni, akampa mume wake.

"Mupe Papa."

Floribert alisimama na mtoto mikononi kana kwamba amepewa kitu kisichojulikana kinashikwa wapi. Halafu akavuka chumba, akampa baba yake. Symphorien alimpokea. Alikuwa mzito kuliko alivyodhani, na wa moto. Alitaka kugeuza uso pembeni, kwa mazoea ya wiki zote zile, asimpumulie, kisha akaukataza uso wake. Mtoto alimtazama pua, akapiga chafya.

"Ye njo ataniambukiza mimi," alisema Symphorien, akaisogeza kofia ya sufu isimfunike mtoto macho.

"Lakini kuko masharti," Wivine aliendelea kuuambia mlango. "Makala haiwashwe tena mu banda. Akate, apige, lakini moto hapana. Na kila mercredi yenye docteur anamuita aende, hata akiwa muzima."

"Na bati ngumu nitailainisha na nini?"

"Floribert, uambie Papa asinunue bati ngumu."

Floribert aliangua kicheko, cha kwanza tangu afike. Hata hivyo David hakucheka. Alikuwa akiangalia mikono yake.

"Na ile chumba nilipaka rangi?"

Symphorien alimwonea huruma. "Nitakuya kuiona. Mvua ikinyesha, mavumbi ikilala, nitakuya wiki mbili. Kutembea, David. Haiko kukaa."

"Wiki tatu."

"Mbili. Na usiniwekee kiti."

Alasiri, David alipoaga, Symphorien alikataa kumwacha aende bila kusindikizwa. Gari lilitangulizwa na Floribert hadi barabara kuu, nao ndugu wakafuata kwa miguu, wakibishana kuhusu wiki mbili na tatu. Kabla ya kona, mbele ya kibanda cha kuuza mkate, pumzi ilimwishia. Aliweka mkono ukutani, akaanza kupuliza polepole, midomo imekusanywa. David alitafuta pikipiki kwa macho, akainua mkono kuiita, akaushusha. Akasimama kando yake, akiwazuia wapita njia wasimgonge.

"Endelea," alisema Symphorien kati ya pumzi na pumzi. "Ulikuwa na maneno mingi."

"Pumua kwanza, yaya. Nitakutukana kisha."